Makipa Watano, Jezi Tatu

Mliniacha wiki jana nimesimama kando ya beseni, simu sikioni, povu hadi viwikoni. Kuna msomaji amenitumia ujumbe kwamba hakulala akitaka kujua nilijibu nini. Pole, mwenzangu. Mimi mwenyewe sijalala tangu nijibu.

Kwa yule ambaye jirani yake alifungia viatu gazeti la wiki jana, nitasema kwa kifupi. Mimi ni dobi wa timu ya mpira, mwaka wa ishirini na sita sasa. Wachezaji huniita Mama Sabuni. Mume wangu ametangulia. Mwanangu wa pekee yuko mbali, na hunipigia sikukuu hadi sikukuu. Miaka mitatu iliyopita timu iliniletea kipa akae kwenye chumba changu cha uani kwa wiki mbili. Zile wiki mbili hazijaisha.

Kipa huyo tunamwita Komeo, kwa sababu akiwa langoni hapiti mtu. Tatizo ni kwamba hawamweki langoni.

Mwenyekiti wetu ana ugonjwa. Kila timu ikifungwa, anasajili kipa. Beki akijifunga mwenyewe, anasajili kipa. Washambuliaji wetu hawajui lango liko upande gani, yeye anasajili kipa. Ni kama mtu ambaye paa lake linavuja, naye kila mvua ikinyesha anaongeza kufuli mlangoni.

Tukawa na makipa watano, na kanuni zinaruhusu watatu. Dirisha la usajili lilikuwa linafungwa siku hiyo saa kumi na mbili jioni. Wawili walitakiwa wawe wamepata pa kwenda. Asiyepata, miezi mitano bila mechi. Komeo ana miaka thelathini na mbili. Kipa wa umri huo akikaa miezi mitano bila kucheza, hakuna atakayemuuliza tena saizi ya glavu.

Asubuhi hiyo kocha alikusanya simu za wachezaji wote, akazitia kwenye beseni langu jekundu bila hata kuniomba, akazifungia ofisini. Hakutaka mawakala wamvurugie watu wake. Komeo, kwa kulijua hilo, alikuwa ameshamwambia wakala wake: ukinikosa, mpigie Mama.

Ndipo simu yangu ikalia. Ndipo mliponiacha.

"Shikamoo, Mama yangu," wakala alisema, anahema kama anapanda ngazi.

"Marahaba."

"Komeo yuko wapi?"

"Uwanjani. Anagaragara."

"Sikiliza vizuri, Mama. Nimempatia timu. Ile ya kwao kabisa! Kutoka uwanjani hadi mlangoni kwa mke wake ni mwendo wa kumaliza pipi moja. Kipa wao amevunjika mkono jana, wanamtaka awe namba moja. Mwambie anitafute kabla ya saa nane nimtumie karatasi asaini. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, mwanangu."

Kutoka kwenye kamba zangu hadi uwanja wa mazoezi ni hatua sabini. Nilimwona Komeo kupitia uzio, upande mmoja wa mwili wote tope, anainuka, anajitupa tena. Ningeita angesikia. Sauti yangu mnaijua, imeshawahi kumfanya refa apulize filimbi.

Sikuita.

Sasa nijitetee kidogo, kisha mnihukumu.

Saa moja kabla ya simu hiyo, mtunza vifaa alikuwa ameniletea karatasi. Ni desturi yetu. Siku ya kufungwa dirisha, kikosi kinapigwa picha jioni hiyohiyo, kwa hiyo mimi hupewa orodha ya jezi za kupiga pasi. Orodha haina majina, ni namba tupu. Ndiyo kusema kwa miaka ishirini na sita, kabla mchezaji hajajua kama amebaki au ametemwa, mimi nimeshajua kwa pasi.

Mtunza vifaa alinipa karatasi huku anatazama pembeni.

"Hii ndiyo ya mwisho?" nikamuuliza.

"Ndiyo ya mwisho, Mama Sabuni. Na mdomo ufunge."

"Mdomo wangu una meno manne, bwana. Hata nikiufunga yanachungulia."

Hakucheka. Nilipaswa kushtuka hapo, maana huyo hucheka hata msibani.

Nikashuka na kidole hadi sehemu ya makipa. Moja. Kumi na sita. Ishirini na mbili.

Ishirini na mbili ni Komeo. Hilo siambiwi na mtu. Mimi wachezaji siwajui kwa majina, nawajua kwa namba. Namba saba ana jasho la chumvi, kola yake inakakamaa kama mkate wa juzi. Namba nne hujifutia pua kwenye mkono wa kulia, na akiulizwa hukana. Ishirini na mbili ni tope la bega la kushoto, kwa sababu Komeo huangukia kushoto, na ni jezi ndefu kuliko zote kwenye kamba.

Basi nilipopigiwa simu nilijiambia: wewe mama, huyu ameshapata nafasi hapa, wa nini kumsumbua? Atabaki kwa amani yake, mechi zitakuja, Mungu ni mkubwa.

Hivyo ndivyo nilivyojiambia. Ninyi nitawaambia ukweli.

Kabla Komeo hajaja, nilikuwa nawasha redio ili nyumba isinisikie nikitafuna. Nilikuwa napika kwenye kisufuria cha kuchemshia yai, na bado chakula kinabaki. Siku nzima naweza nikapita bila kusema neno, hadi jioni nikimwambia paka toka, sauti inatoka na kutu.

Alipokuja, siku ya kwanza alitoa kikombe cha pili kabatini, akakipuliza vumbi, akakaa. "Mama, chai yako ina sukari ya watu watatu," akasema. Tangu hapo kila alfajiri nasikia mguu wake uani, bomba linakohoa, kisha: "Mama, umeamka?" Mwanamke wa umri wangu akiulizwa kila siku kama ameamka, anapata sababu ya kuamka.

Basi simu ikalia tena saa nane kasoro robo.

"Mama! Mbona kimya? Umemwambia?"

Nilikuwa nakamua soksi. Nikaziangalia kama zitanisaidia.

"Nimemwambia."

"Anasemaje?"

"Amekataa."

"Amekataa?"

"Amekataa, mwanangu. Anasema hapa ameshapata namba yake."

Nilisikia magari upande wake.

"Mama, una hakika? Huyu mtu jana usiku aliniambia hata wakimtaka awe wa akiba ataenda, alimradi amwone mtoto wake akianza shule."

"Watu hubadilika."

"Haya," akasema, na sauti yake ilikuwa imepoa. "Haya, Mama yangu. Nitawatafutia mwingine, wamekaa vibaya."

Akakata. Nikaanika soksi zote. Nilipomaliza niliona nimezianika za mguu wa kushoto zote upande mmoja, kana kwamba soksi ina kushoto. Ndiyo akili niliyokuwa nayo.

Jezi ya ishirini na mbili niliipiga pasi mara mbili. Nikaikunja mikono, nikaikunjua, nikaipiga mara ya tatu. Nilitaka picha itoke vizuri.

Saa kumi na moja na nusu mlango wa chumba cha pasi ukaingia giza. Nikainua macho. Kijana mrefu, mpya kabisa, ameinama ili asigonge kichwa, na hata hivyo akagonga.

"Shikamoo, Bibi. Nimeambiwa jezi yangu iko hapa."

"Marahaba. Wewe nani?"

"Kipa."

Nikacheka kwa kweli. "Mwanangu, makipa hapa tunao wa kuuza kwa kilo. Wewe umetokea wapi?"

"Nimesaini mchana, Bibi. Mwenyekiti mwenyewe kanifuata."

Hapo nikakumbuka kwamba Jumapili tulifungwa.

"Haya. Jezi yako namba ngapi?"

"Ishirini na mbili."

Niliweka pasi chini. Niliiweka vibaya, fulana ya namba tisa ina alama mpaka leo.

"Ishirini na mbili ina mwenyewe," nikasema.

"Ndiyo, Bibi. Mimi." Akasema kwa adabu zote, masikini, hana hatia hata chembe. "Wameniambia ndiyo pekee ya kunifika kiunoni. Hakuna muda wa kushona nyingine."

Nilimwacha hapohapo nikatoka mbio. Mbio zangu mnazijua, kuku hunipita. Nikamkuta mtunza vifaa anahesabu mipira nyuma ya stoo, na kwa jinsi alivyoiangalia mipira nikajua alikuwa ananisubiri.

"Wewe bwana! Si uliniandikia ishirini na mbili?"

"Niliandika."

"Si Komeo huyo?"

"Mama Sabuni," akasema taratibu, "niliandika namba. Sikuandika mtu."

"Ungeniambia!"

"Ningekuambia ukafanye nini? Wewe kazi yako pasi." Kisha akanitazama usoni. "Kwani umefanya nini?"

Nilikuwa nabonyeza simu, namtafuta wakala. Vidole vyangu vimelainika kwa maji ya miaka yote hiyo, simu haivitambui, nikawa nafuta na kubonyeza, nafuta na kubonyeza. Ikaita. Inatumika. Nikapiga tena. Inatumika.

Saa kumi na mbili kasoro dakika kumi na tano.

Nikageuka niende uwanjani kumwita Komeo mwenyewe, potelea mbali, aibu nitaimeza. Nikagongana na Korongo.

Korongo ni yule kipa wetu wa tano, namba thelathini na moja, ana miguu kama jina lake; yule wa nne alikuwa ameshapata timu juzi. Wiki nzima alikuwa anatembea kama mtu aliyefiwa. Sasa alinibeba juu. Mimi! Miguu yangu haikugusa chini.

"Bibi! Nimepata timu!"

"Nishushe, utanivunja."

"Wamenichukua saa tisa, walimpigia mwenyekiti akaniita nisaini. Kipa namba moja, Bibi! Nipe glavu zangu, hata kama zimelowa nitavaa hivyohivyo."

Nikauliza, ingawa nilishajua. "Timu gani?"

Akaitaja. Kutoka hapo hadi mlangoni kwa mke wa Komeo ni mwendo wa kumaliza pipi moja.

"Walimtaka Komeo," akasema, anachomoa glavu zake kwenye kamba zikidondosha maji. "Akakataa. Sijui kwa nini, labda kanionea huruma. Mwambie asante, Bibi. Mimi nikimwona nitalia."

Akaondoka mbio na glavu zake zinavuja mstari wa maji hadi getini. Niliukanyaga ule mstari kwenda uwanjani, na kila hatua nilikuwa natunga namna ya kusema. Kati ya hatua sabini sikupata sentensi hata moja.

Nilipofika walikuwa wameshajipanga kwa picha. Mstari wa nyuma wamesimama, wa mbele wamechuchumaa, makipa watatu katikati. Moja. Kumi na sita. Ishirini na mbili, imenyooka, mikunjo kama kisu. Pasi yangu hiyo.

Komeo alikuwa pembeni, karibu na mpiga picha. Amevaa fulana ya mazoezi, tope limemkaukia begani. Mpiga picha alikuwa amempa mkoba wake amshikie. Na yeye ameushika, kwa mikono miwili, kama anavyoshika mpira.

"Tabasamu!" mpiga picha akasema.

Wakatabasamu wote. Komeo naye akatabasamu, kwa mazoea, nje ya picha.

Filimbi ya kocha ikalia. Saa kumi na mbili.

Nilitangulia nyumbani. Nikabandika maji ya chai, nikatoa vikombe viwili, nikarudisha kimoja, nikakitoa tena. Sijui nilitaka nini. Nilisikia geti, nikasikia mguu wake uani, na leo haukuja haraka.

"Mama, upo?"

"Nipo wapi tena zaidi ya hapa?"

Akaingia, akakaa kwenye kigoda chake, magoti karibu na masikio. Akachomeka simu yake kwenye umeme. Siku nzima ilikuwa kwenye beseni, imezimika kabisa.

"Wameniacha," akasema.

"Nimeona."

"Kocha anasema niendelee na mazoezi hadi dirisha lijalo. Miezi mitano. Nitakuwa namrushia mipira yule mrefu." Akacheka kidogo, kicheko cha kukwaruza. "Jezi imemkaa lakini. Umeipiga pasi vizuri."

Nikamimina chai ili nisimwangalie.

"Kinachoniuma si kuachwa, Mama. Kuachwa nimezoea, mimi ni kipa. Kinachoniuma ni kwamba siku nzima, timu zote zilizopo, hakuna hata mmoja aliyeuliza, yule Komeo yuko wapi. Hata mmoja." Akashika kikombe bila kunywa. "Kwako hakuna aliyepiga?"

Wasomaji wangu, hapo ndipo pangu. Mlango ulikuwa wazi. Ningeingia tu.

"Hakuna," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa, taratibu, kama mtu aliyekuwa anajua.

"Nimempa mke wangu tumaini bure. Juzi nilimwambia atandike kitanda vizuri." Akachomoa glavu zilizokuwa zimening'inia kiunoni, akaniwekea juu ya meza. "Zioshe tu, Mama, ingawa hazina kazi. Nitakaa hapa hiyo miezi mitano, kama hutanichoka."

Kama sitamchoka!

Ni neno nililolingoja kwa miezi, nikiliombea hadi kwenye povu. Lilipokuja halikuwa na ladha. Alikuwa amekaa hatua mbili kutoka kwangu, kikombe cha pili kinatoa moshi, paka analala miguuni pake, na sijawahi kuwa peke yangu katika nyumba ile kama jioni hiyo. Hata mume wangu alipofariki, nyumba ilinihurumia. Safari hii ilinyamaza tu.

Nikachukua glavu nikaenda nazo kwenye beseni pale mlangoni. Maji ya vuguvugu, sabuni kidogo, haukamui, unabonyeza tu kiganja kwa kiganja. Ni kama kumshika mtu mkono. Nikashika mikono yake hiyo miwili mitupu ndani ya maji, nikajikaza kisabuni, nikafungua mdomo.

"Komeo, mwanangu."

"Naam, Mama."

"Kuna jambo."

"Sema tu."

"Lile swali lako. Kama kuna aliyepiga..."

Simu yangu ikalia.

Iko mezani, kando ya kikombe chake. Mimi nina povu hadi viwikoni. Nilisimama haraka mno, maji yakamwagika miguuni.

"Iache!" nikasema. "Iache, nitapiga mwenyewe!"

"Kaa, Mama, utateleza." Alikuwa ameshaichukua. Akaangalia kioo, na uso wake ukafunguka kwa mara ya kwanza tangu aingie. "Ni wakala wangu. Ona, kumbe hajanisahau."

Akaiweka sikioni.

"Kaka, shikamoo. Ndiyo, mimi mwenyewe, yangu imezimika, ndiyo kwanza naichaji." Alikuwa anatabasamu. "Hapana, niko kwa Mama. Anafua." Akasikiliza. Tabasamu likabaki mahali pake kitambo, kama lile la kwenye picha, halina pa kwenda. "Sijakuelewa. Rudia."

Glavu zilikuwa zinadondosha maji kwenye vidole vyangu vya miguu. Paka akaamka akatoka.

Komeo akageuka polepole, simu bado iko sikioni, akanitazama. Alikuwa anaongea na wakala lakini macho yalikuwa kwangu.

"Nimekataa nini?"